Hema la Mgeni, Ardhi ya Kijiji

*Lami imekwisha kuwafungulia watembezi njia kutoka vilima vya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Lililobaki ni kujua nani mwenye amri juu ya kiwanja cha kulala.*

NA MWANDISHI WETU, MBINGA

Jua la mwezi wa Juni lilikuwa limekwisha kuinama nyuma ya vilima, na baridi ya Umatengo, ambayo watu wa pwani huidhani ni hadithi mpaka iwaingie mifupani, ilikuwa imeanza kuishukia kata ya Mpepai, vijana wanne waliotoka Dar es Salaam walipotua mizigo yao mbele ya ofisi ya kijiji. Wakamwamkia mtendaji kwa adabu zote, kisha wakamweleza haja yao: hawakutaka nyumba ya wageni, hawakuwa na jamaa hapo, wala hawakuja kununua kahawa, waliomba tu mahali pa kusimamisha mahema mawili, walale, alfajiri watazame jua likipanda juu ya mashamba ya ngoro, kisha washuke ziwani.

Mtendaji akafungua kitabu cha wageni, ambacho kina safu za tarehe, jina, atokako mtu, cheo chake, sababu ya kuja na sahihi. Penye sababu akaandika “matembezi”, kisha akabaki na kalamu mkononi, maana swali lililofuata halikuwa na safu: ni nani awezaye kuwaambia walale wapi? Uwanja wa shule una mwenyewe, naye ni mwalimu mkuu. Shamba lina mwenyewe. Msitu una sheria zake. Na kile kilima kilichowapendeza wageni kina makaburi ya wazee.

Walilala nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, na usiku ukapita salama. Lakini kalamu ile iliyosimama ndiyo habari yenyewe, kwa sababu kila kiangazi wapo wengine wapitao njia hii na mahema yao, na kutoka Mpepai hadi Mbamba Bay hujibiwa kila mahali jawabu jingine: hapa hutozwa, pale hukaribishwa bure, na kwingine huambiwa waende zao.

Njia moja, majira mawili

Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, aliyetaka kulifikia Ziwa Nyasa kwa upande wa Ruvuma alihitaji subira kuliko nauli. Masika yakishika, magari yalizama katika udongo mwekundu wa milimani, na abiria wakashuka kusukuma, wakalala njiani bila ya kukusudia kupiga kambi.

Hali hiyo imebadilika kwa hatua mbili: kwanza ilipotiwa lami njia ya kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilometa 78, kwa fedha za mfuko wa Millennium Challenge wa Marekani, kisha zilipofuata kilometa 66 za kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay, mji ambao tangu mwaka 2012, wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, umekuwa makao makuu ya wilaya hiyo mpya.

Mteremko huo ndio hazina ya safari. Mbinga imekaa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nalo ziwa liko mita 470 na ushei tu. Kwa hiyo mtu aweza kunywa kahawa asubuhi akiwa amejifunika blanketi, na adhuhuri ya siku hiyo hiyo akavua shati chini ya mwembe, huku maji yakimetameta mbele yake mpaka macho yachoke kutafuta ng’ambo.

Ziwa lenyewe halihitaji kupambwa kwa maneno. Ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Lina urefu wa kilometa zipatazo 570, na kina chake, penye kina zaidi, hufikia mita 700 hivi. David Livingstone alilifikia kwa upande wa kusini Septemba 1859, akaliandika katika ramani za Ulaya, ijapokuwa Wanyasa walikuwa wakivua na kuzika wafu wao ufukweni kwa vizazi vingi kabla yake.

> Asubuhi blanketi, adhuhuri shati mkononi: safari nzima haizidi kilometa 66.

Yanayotazamwa

Mtembezi aliyezoea kuhesabu wanyama wakubwa kama mwenye duka ahesabuvyo bidhaa hatapata hapa aliyoyazoea, isipokuwa akielekea kusini kwenye Pori la Akiba la Liparamba, linalopakana na Msumbiji. Uzuri wa Umatengo ni wa aina nyingine: ni kazi ya mikono ya watu iliyoandikwa juu ya uso wa milima.

Kazi hiyo ni ngoro, nayo hulimwa hivi. Mwishoni mwa masika, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana miraba miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile, hata kila mraba ukawa shimo lililozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi; nyasi zikaoza zikawa mbolea, na maji ya mvua, ambayo yangeuchukua udongo mpaka bondeni, yakanaswa shimoni yakanywea taratibu.

Wamatengo walikimbilia milimani katika karne ya 19, wakisukumwa na vita vya Wangoni, wakajikuta na watu wengi juu ya ardhi yenye miinuko mikali, na ngoro ikawa ndiyo iliyowalisha bila ya kuumaliza mlima. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walikuja kuichunguza hekima hiyo kwa vipimo vyao. Mtazamaji asiye na kipimo, akisimama kilimani alfajiri, huona upande mzima wa mlima umetobolewa vishimo kwa utaratibu usiokosea, na vivuli vya jua changa vikikaa ndani ya kila kishimo.

Ukishuka ziwani, yanayotazamwa hubadilika. Miamba mikubwa ya Mbamba Bay huingia majini, na katika nyufa zake huishi samaki wadogo wa rangi za buluu, manjano na zambarau, waitwao mbuna. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani huwaweka katika vioo vya sebuleni na kuwataja kwa majina ya Mbamba Bay na Lundo, nao hawajapata kupaona mahali hapo.

Kwenye fukwe za kaskazini ya hapo iko Liuli, penye jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani, kwa kuona umbo lake limefanana na sanamu ile ya Misri, waliiita bandari yote Sphinxhafen. Hapo ndipo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, iliyoongozwa na Kamanda Rhoades, iliposhambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa sahibu wa Rhoades, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Akapiga makasia kwenda kumkemea rafiki yake kwa mzaha mbaya, akafanywa mateka.

Hapo hapo Liuli alifariki mwaka 1928 William Percival Johnson, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambaye alifika nchi hizi mwaka 1876, akafanya kazi mwambao wa Nyasa kwa miongo mingi, hata macho yake yalipokaribia kupofuka kabisa. Fauka ya mawe na makaburi, ziko ngoma: mganda wa wanaume na kioda ya wanawake, zichezwazo kwa mavazi yaliyonyoshwa na hatua zilizopimwa.

Mchanga mmoja, kazi mbili

Lakini mahali pafaapo kutazamwa aghalabu huwa mahali pa kazi. Mchanga unaompendeza mgeni kusimamisha hema ndio mchanga wa mwalo, ambapo mitumbwi hurejea alfajiri na taa zake, na ambapo wanawake huanika usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, juu ya vichanja na juu ya nyavu zilizotandazwa. Usipa hauna subira: usipokauka kwa jua la siku moja au mbili, huoza, na rizki ya wiki nzima ikaenda na harufu.

Kwa hiyo wako waonao mahema kwa jicho la shaka. Hoja yao si chuki ya wageni, maana wageni hapa hupokewa kwa taadhima; hoja yao ni kwamba mambo ya namna hii huanza kwa hema, hema likafuatwa na banda la vinywaji, banda likafuatwa na uzio, na siku moja mwanamke aliyerithi kichanja cha mama yake akaambiwa azunguke, kwa sababu ufukwe sasa una mwenyewe. Wazee huongeza jambo la staha: kwamba mawe na miti fulani ni mahali pa matambiko, na kwamba mtu aliyevaa nguo ya kuogelea hawezi kupiga picha juu ya kaburi la mtu.

Upande wa pili wako vijana. Wao husema, na kusema kwao kuna insafu, kwamba bei ya kahawa hupanda na kushuka kwa amri ya masoko yasiyowajua, kwamba malipo ya vyama vya ushirika huweza kuchelewa wakati ada za shule hazichelewi, na kwamba ardhi ya ngoro imegawanywa baina ya ndugu mpaka imekuwa vipande vidogo. Mgeni mwenye hema huhitaji maji, kuni, mwongozaji, chakula, mlinzi wa usiku na mtumbwi. Mambo yote hayo kijana wa Mpepai au wa Liuli anayaweza leo, bila ya mtaji mkubwa na bila ya kuhama.

Upande wa tatu ni halmashauri na wawekezaji, ambao aghalabu huzungumza lugha moja, nayo ni lugha ya majengo: vyumba, ajira, kodi ya kitanda. Kwao hema ni dalili tu ya njaa ya soko, na tiba ya njaa hiyo ni hoteli. Tena bandari mpya ya Mbamba Bay ikikamilika, na meli kama MV Mbeya II iletayo abiria kutoka Kyela zikiongezeka, watu watakuja kwa wingi na mahema hayatawatosha.

> Mchanga unaompendeza mgeni kulala ndio mchanga wa kuanikia usipa.

Ya Banff, ya Ruaha, ya Chembe

Kabla ya kuamua, yafaa kutazama wenzetu waliotangulia. Hakuna nchi iliyoifanya kambi kuwa ibada kama Kanada ya magharibi, kwenye milima ya Rockies, ambako familia nzima hufunga hema juu ya gari na kwenda kulala kando ya maziwa ya barafu. Hifadhi ya kwanza huko, Banff, ilianza mwaka 1885, mwaka ule ule reli ya Canadian Pacific ilipokamilika, na haikuanza kwa ajili ya wanyama bali kwa ajili ya chemchemi za maji moto na abiria wa treni.

Kambi zao leo zina nidhamu ya kusifika: kila kiwanja kina namba, moto huwashwa ndani ya chuma maalumu, na chakula hakiachwi wazi hata dakika chache, kwa sababu dubu aliyeonja chakula cha watu mwisho wake ni risasi. Mtu huweka nafasi miezi kabla, hulipa, hupewa masharti, huondoka, na asiache hata ganda la yai.

Lakini nidhamu hiyo ina historia ambayo vitabu vya matangazo havianzi nayo. Watu wa Stoney Nakoda, waliokuwa wakiwinda na kusafiri katika mabonde yale tangu kale, walizuiliwa kuwinda ndani ya hifadhi, na kwa miaka mingi walialikwa kurudi kwa siku chache tu katika kiangazi, wavae mavazi yao ya fahari, wachezee watalii ngoma, kisha waondoke. Wenye nchi wakafanywa sehemu ya mandhari.

Karibu na sisi, mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150, ulizielekea hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere, wala haukuufikia mwambao wa Nyasa. Aprili 2024 benki hiyo ilisimamisha fedha zake kufuatia malalamiko ya wakazi wa pembezoni mwa Ruaha, na kabla ya mwaka kwisha mradi ukafutwa. Mwambao wetu haukupata fedha za mradi, lakini umepata ibra bila ya kuilipia: utalii unaoanza kwa kugombana na mkazi huishia kumkosa mtalii na mfadhili pia.

Wa tatu ni jirani wa maji yale yale. Kusini ya ziwa, upande wa Malawi, kijiji cha Chembe, kwenye rasi ya Maclear, kimo katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, iliyoandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1984. Hapo usipa huanikwa, watoto huosha vyombo ziwani, na wageni hulala hatua chache kutoka hapo. Maisha hayo ya pamoja yana kero zake, lakini yamethibitisha kwamba kichanja na hema vyaweza kuwa jirani, maadamu hakuna uzio baina yao.

Sheria inasemaje

Wengi tuliowasikiliza huzungumza kana kwamba jambo hili halina sheria. Lina sheria, tena zikisomwa pamoja zinaelekea upande ambao wachache wameutazama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa na mto. Ukuta wa hoteli hauwezi kusimama hapo kwa halali. Hema, ambalo asubuhi hukunjwa likatiwa begani, si jengo la kudumu. Wala kichanja cha usipa si ukuta. Basi ukanda ule ule unaogombewa ndio ambao sheria imeukinga na matofali.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inayoipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwekezaji wa kigeni atakapo kujenga, ardhi hiyo huhamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Na ikiisha kuhamishwa, hata mradi ukifa, hairudi kijijini kwa urahisi. Kiwanja cha mahema hakihitaji uhamisho wowote: mkutano mkuu wa kijiji hukitenga, halmashauri ya kijiji hukisimamia, na wakikichoka hukirudisha kuwa malisho.

Haya ndiyo tunayoyaona kuwa kiini cha jambo. Mjadala wa mwambao umewekwa kama mashindano baina ya wavuvi na watembezi, hali ya kuwa mwenye hema na mwenye kichanja wana haja moja, nayo ni ufukwe usiojengwa. Atakayewatenganisha ni uzio, na uzio hauletwi na mtu abebaye nyumba yake mgongoni.

> Hema na kichanja havina ugomvi: vyote viwili vinataka ufukwe usiojengwa.

Moto, maji na choo

Lakini hema si malaika. Likiachwa bila ya masharti lina madhara matatu, na mwenyeji asiyeyataja kwa hofu ya kumuudhi mgeni hamtendei wema.

La kwanza ni moto. Julai 2024, moto wa misitu uliizukia Jasper, hifadhi mashuhuri ya Rockies. Watu wapatao 25,000, walio wengi wakiwa wageni, wakahamishwa usiku, na theluthi moja hivi ya majengo ya mji ikateketea. Radi ndiyo hushukiwa kuuwasha, si mpiga kambi, lakini funzo la nyasi kavu ni lile lile. Kwa Umatengo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa nyasi za shamba lililopumzishwa ndizo zitakazolazwa chini ya ngoro ya msimu ujao: mgeni akiacha kaa moja katika upepo wa Agosti, hakuunguza majani tu, bali ameunguza mbolea ya mtu. Kuni ziuzwe na kijiji, moto uwashwe mahali pamoja palipofyekwa, na usiku uzimwe kwa maji mbele ya mlinzi.

La pili ni maji. Kichocho kimo ziwani, na katika mwaka 1992 Wamarekani wawili waliojitolea kufanya kazi Malawi walipooga rasi ya Maclear kiliwashika mpaka kwenye mishipa ya fahamu, hata habari ikaandikwa katika majarida ya tiba. Watafiti wa huko walieleza pia namna balaa ilivyokuzwa: samaki walao konokono walivuliwa kupita kiasi karibu na ukingo, konokono wabebao vimelea wakazidi, na ugonjwa ukazidi pamoja nao. Kwa hiyo siha ya mgeni aogaye na nyavu za mvuvi ni mambo yaliyofungamana. Akingaye samaki wa ukingoni amewakinga pia watoto wake. Mgeni aambiwe ukweli, aoge mbali na magugu, na arudipo kwao apimwe, maana dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Aambiwe pia habari za mamba, hususan penye mdomo wa mto Ruhuhu. Na za mwera, upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, ambao huling’oa hema lililofungwa kwa mzaha na kuuzamisha mtumbwi wa nahodha mwenye kiburi. Na akiona moshi mweusi ukipanda kutoka juu ya maji asishtuke: ni kungu, vidudu vya ziwa vinavyopaa kwa mamilioni, ambavyo watu wa mwambao huvikusanya wakavifanya andazi la kitoweo.

La tatu ni choo, ambalo waandishi hulikwepa kwa haya. Mita 60 za sheria zinalikataza shimo la choo kando ya maji kama zinavyoikataza hoteli. Kijiji kitakachotaka mahema mchangani kichimbe kwanza vyoo juu, nyuma ya ukanda huo, na asiyekubali kutembea mpaka huko usiku akalale nyumba ya wageni.

Hesabu ya kijiji

Yaliyobaki ni utaratibu, na utaratibu hauhitaji mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji utenge kiwanja, mbali na makaburi, vichanja na vyanzo vya maji. Utunge sheria ndogo zenye kutaja ada ya kulala, bei ya kuni, saa ya kuzima moto na mahali pasipopigwa picha. Stakabadhi itolewe, na mapato yasomwe hadharani pamoja na mengine ya kijiji. Waongozaji watakaogeuza kazi hii kuwa biashara wachukue leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ili mgeni akidhulumiwa ajue pa kushitaki, na kijana akidhulumiwa na kampuni ya mjini ajue vivyo hivyo.

Wamatengo hawakosi baraza la kuyazungumza hayo. Katika sengu ya kale, wanaume wa ukoo walikula chungu kimoja kwa babu yao, na baada ya chakula yakasemwa mambo ya shamba, ya ugomvi na ya vijana. Leo wanawake, ambao ndio wachimbao ngoro na ndio waanikao usipa, lazima wawe na kiti cha mbele katika mazungumzo haya, kwa sababu ardhi inayozungumzwa ni ya mikono yao kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Vijiji vya juu na vya chini vingefaidika zaidi vikishauriana. Mtembezi hana haja ya kuchagua baina ya mlima na ziwa. Hutaka usiku mmoja wa baridi Mpepai na usiku mmoja wa joto Mbamba Bay. Ada zikiwa karibu sawa na masharti yakiwa mamoja, atakuja na kurudi. Kila kijiji kikimtoza kwa namna yake, atawasimulia wenzake, nao watakwenda Nkhata Bay, ng’ambo ya pili, ambako watu wa mahema wamezoeleka siku nyingi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame, wala hawakusema mwenyeji achezee ngoma wageni kisha arudi nyuma ya uzio. Uponyaji huo una sharti, nalo ni mwenyeji kubaki mwenye amri juu ya kiwanja chake. Na amri hiyo, kwa sheria zilizopo leo, vijiji vya Mbinga na Nyasa tayari vinayo. Waiandike katika sheria ndogo zao kabla ya kiangazi kijacho, kwa maana mwekezaji mwenye ramani ya hoteli, akifika, hatangoja mtendaji atafute safu katika kitabu cha wageni.